Magneto ya Wandera

Wandera alizikwa Jumamosi, upande wa Kenya, nyuma ya nyumba yake ya mabati pale Busia, na mimi nilichelewa kwa sababu malori yalikuwa yameziba njia tangu geti la forodha. Dereva wangu alitaka tungoje foleni isogee. Nikamwambia ngoja wewe, mimi maiti haiwezi kuningoja, nikashuka na kupanda boda boda nikiwa na suti yangu ya sufu na kofia, mzee wa miaka sabini na kitu niliyekumbatia mgongo wa kijana nisiyemjua hata jina. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na kitu kizito nilichokifunga kwa kitambaa, kikawa kinanigonga mbavu kila tulipoingia shimoni. Kitu hicho ndicho nataka kukieleza katika sura hii. Huko nyuma nimejisifu sana na sioni haya, maana mimi nimesoma mpaka darasa la pili tu na leo nina matrekta sita, na wenye digrii huja kwangu asubuhi wakiwa wamevua kofia wakiomba zamu ya kulimiwa. Lakini katika sura ile ya jinsi nilivyoanza, niliandika kwamba trekta yangu ya kwanza niliifufua peke yangu, kwa mikono hii miwili. Si kweli. Na nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba si kweli.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili na Waingereza walikuwa bado ndio wenye nchi. Nilikuwa nikifanya kazi katika bustani ya Mzungu mmoja pale Tororo, chini ya mwamba, napalilia kabichi na kukata nyasi. Huyo Mzungu alikuwa na trekta ndogo ya bustani, ya magurudumu mawili, injini ya pistoni moja mbele na mikono miwili mirefu nyuma kama ya toroli. Hukupanda juu yake. Ulitembea nyuma yake ukiishika kama mtu anayemzuia ng'ombe mkaidi. Ilikuwa imekufa miaka miwili kabla, ikawekwa kando ya banda la kuku, nao kuku wakafanya tangi lake kuwa mahali pa kutagia. Mzungu alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, aligawa vitu. Mpishi alipata godoro, mtumishi wa ndani akapata sahani na kabati, na zamu yangu ilipofika Mzungu alitazama huku na huku, akaona hakuna kilichobaki, akanionyesha kile chuma na kucheka. Mpishi alicheka zaidi yake. Nilifunga kamba, nikaanza kukivuta kwenda kwetu Mwello, juu ya ringi tupu maana matairi yalikuwa yameshaoza, na njia nzima watoto na watu wazima waliniuliza kama hiyo ndiyo pensheni yangu.

Siku ya pili ya safari hiyo ndipo nilipomjua Wandera. Alikuwa anakuja kwa baiskeli kutoka kazini, akanipita, akasimama, akarudi. Hakunisalimu kwanza. Alipiga goti barabarani, akanusa mdomo wa bomba la moshi, akazungusha gurudumu zito la injini polepole kwa mkono huku sikio lake likiwa karibu na chuma. Kisha akanitazama kana kwamba nilikuwa nimemficha mgonjwa. "Hii kitu haijakufa," akasema. "Imezimia tu." Halafu ndipo akanipa mkono. Alikuwa Msamia, umri wangu, mpaka mafuta, yaani mtu wa kupaka mashine oili, katika nyumba ya injini ya kinu kimoja cha pamba kilichokuwa barabara ya Tororo na Busia. Kisamia changu kilikuwa cha matusi tu na Kiluo chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo tulisema Kiswahili cha barabarani, kile cha kukatakata maneno, na hicho ndicho tulichokitumia maisha yetu yote. Alifunga baiskeli yake juu ya trekta na tukaisukuma wawili mpaka nyumbani.

Tuliitengeneza jikoni kwa mke wangu Akoth. Nilikuwa nimemwoa miezi michache nyuma, na jiko lake lilikuwa jipya, la duara, ukuta wake bado una alama za viganja vyake alipoupaka udongo. Upande mmoja mafiga matatu, upande wa pili injini juu ya jamvi, na katikati njia nyembamba aliyopita yeye na chungu akituruka miguu. Wandera alikuwa anakuja kila Jumamosi mchana na Jumapili. Alinifundisha kufungua bolti iliyoshika kutu bila kuivunja, kwa mafuta ya taa na subira. Alinifundisha kusaga vali kwa mchanga wa mtoni uliochujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na oili, kuzungusha kushoto na kulia mpaka chuma kinyamaze. Gasketi tulikata kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, tukailoweka. Akoth alilalamika kwamba ugali wake wa wimbi unanuka injini, na alisema kweli. Hata majani ya kunde aliyoyatia ufuta yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa, na sisi tulikula tukilamba vidole. Aliwahi kumwambia mama mmoja jirani, nikimsikia kutoka nje, kwamba wanawake wenzake wameolewa na mume mmoja, yeye ameolewa na wanaume wawili na mgonjwa. Wandera alicheka hadi akadondosha spana. Alimwita shemeji, na alipokuja hakukosa kumletea kitu: samaki wa moshi kutoka Busia, au chumvi ndani ya karatasi.

Yeye ndiye aliyeibadilisha ile mashine isiwe tena ya bustani. Mzungu alikuwa anavunjia udongo wa kabichi tu. Sisi tulitaka ivute jembe la ng'ombe. Wandera alipata mikanda ya chuma ya gurudumu la mkokoteni, akampa mhunzi aitengeneze ringi zenye meno ili zishike ardhi. Akafunga mawe mawili ya kusagia yaliyovunjika mbele, kwa uzito, isije ikainua pua. Petroli ilikuwa shida, kwa hiyo akachukua mrija wa shaba na kuuzungusha mara nne kwenye bomba la moshi: unawasha kwa petroli kidogo, bomba likishapata moto unafungua mafuta ya taa, yanapita pale yanachemka na kuingia kwenye kabureta yakiwa mvuke. Hakuna aliyemwonyesha. Alikaa kwenye kigoda cha Akoth, akatazama mvuke unavyotoka kwenye chungu cha maharagwe, akasema, "Kaka, nimepata." Mimi katika ile sura nyingine niliandika kwamba kigoda hicho nilikalia mimi.

Kilichobaki kilikuwa moto wa plagi. Injini ya namna ile haina betri. Ina magneto, kisanduku cha chuma kama ngumi mbili, kinachozungushwa na injini na chenyewe kinatoa cheche. Ya kwetu ilikuwa imekufa kabisa, nyaya zake zimeungua na kuwa unga. Tuliuliza Tororo, tukauliza Busia, tukaambiwa kitu hicho huagizwa Nairobi au Ulaya, na mwenye kutuambia alitutazama miguu yetu mitupu tukaelewa. Majuma matatu trekta ilikaa jikoni ikiwa imekamilika kama bibi harusi aliyevaa vyote ila bwana hajafika. Ndipo Jumamosi moja Wandera alipoingia na kitu kilichoviringishwa kwa pamba mbichi, akakifungua juu ya jamvi. Magneto. Nilimuuliza imetoka wapi. Akasema ilikuwa imelala rafuni kinuni, ya pampu ya maji iliyokufa zamani, vumbi limeifunika mpaka haijulikani ni nini. "Ilikuwa imelala," akarudia. Sikuuliza tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Nilijua kitu kilicholala rafuni kwa mwenyewe hakiamki chenyewe kikatembea.

Haikulingana na injini yetu, tukaitengenezea kiti cha chuma ubavuni na kuizungusha kwa mnyororo wa baiskeli. Mara ya kwanza tulikosea jino moja la mnyororo na injini ikarudi kinyume, ikanyakua kamba ya kuwashia na kunivuta mpaka nikapiga kichwa ukutani, kwenye viganja vya Akoth. Mara ya pili ikawaka. Siwezi kuandika ile sauti. Bomba la moshi lilikuwa na kopo la mafuta ya kupikia mwishoni, nalo lilifanya mashine iseme kwa namna yake, tuku tuku pa, tuku tuku pa, na ikasikika ng'ambo ya kinamasi. Watu walitoka mashambani na majembe mabegani. Akoth alikimbia nje na chungu, akakiweka chini, akaziba masikio na kucheka machozi yakimtoka. Wandera hakucheka. Alikaa akiisikiliza, akikaza bolti hii na ile, mpaka akaridhika.

Kwetu habari ya mtu hutengenezwa kwenye chungu cha pombe. Wazee hukaa kwa duara, chungu katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, na atakayekuwapo hapo ndiye atakayesemwa vizuri. Mwanzoni mrija wa Wandera ulining'inia kwenye paa la nyumba yangu pamoja na wangu. Katikati ya mwaka aliokoka. Walokole walikuwa wamefanya mkutano upande wa Busia, na alirudi kwetu Jumamosi iliyofuata na uso uliooshwa, akanipa mrija wake akasema hatauhitaji. Nilidhani atasahau baada ya mwezi. Hakusahau. Kwa hiyo kila trekta iliposimuliwa kwenye chungu, yeye alikuwa jikoni anapaka mafuta na mimi nilikuwa kwenye mrija, na habari ikawa inanona kwa upande wangu. Sikudanganya, katika siku zile za kwanza. Walikuwa wanasema "trekta ya Obbo", "ufundi wa Obbo", na mimi, Obbo mwenyewe, nilikuwa navuta pombe, na mtu anayevuta pombe mdomo wake una kazi. Habari ikafika kwa chifu, na chifu akaleta ujumbe: Jumamosi fulani atakuja na bwana shamba Mzungu kuiona ikilima. Serikali ilikuwa imeanza kuleta matrekta makubwa ya kukodisha na walikuwa wanatafuta kijana mmoja kutoka upande wetu apelekwe kozi ya kuyaendesha na kuyatengeneza. Kijana mmoja. Cheti cha shule hawakutaka. Walitaka mtu anayejua chuma. Mtu wa darasa la pili, unaelewa mlango wa namna hiyo hufunguka mara ngapi.

Jumatano ya juma hilo, mchana, nilimwona Wandera anakuja na baiskeli siku isiyokuwa yake. Nilikuwa nanoa meno ya ringi kwa tupa. Alisimama mbele yangu, jasho linamtoka, na uso una furaha ambayo sikuipenda.

"Kaka, nimesema," akaniambia.

"Umesema nini?"

"Yote. Leo asubuhi, mbele ya bwana na watu wa injini. Nimesema niliiba magneto."

Niliweka tupa chini. Walokole wa wakati ule walikuwa hivyo: mtu akishaokoka alisimama mbele ya watu na kutaja wizi wake kimoja kimoja, kisha akarudisha. Nilikuwa nimeshasikia mwanamke aliyerudisha kuku aliyekuwa ameshaliwa, akaleta kuku mwingine. Nilimuuliza kama amenitaja. Akasema hapana, amesema tu iko kwa mtu na ataileta. Mwenye kinu alikuwa Mhindi mtu mzima, mkali lakini si mbaya, naye, Wandera alinieleza, alimpeleka pembeni akamwambia: ungekuja ofisini tukiwa wawili, ningekupiga teke moja tukasahau. Sasa karani amesikia, askari wa geti amesikia, mimi nifanye nini? Leta kitu Ijumaa kabla ya honi ya saa sita, nitawaambia nilikuazima. Isipokuja, mambo ni ya polisi.

"Ungerudisha kwanza," nikamwambia, "ndipo ukaungama."

"Moyo haukungoja."

"Chifu anakuja Jumamosi, Wandera. Bwana shamba anakuja Jumamosi. Siku moja baada ya hiyo Ijumaa yako."

"Najua. Nimeomba juu ya hilo njia nzima." Kisha akasema, taratibu, "Hiyo kitu si yetu, kaka."

Nilimwambia aje Ijumaa asubuhi. Sikumwambia nitampa; nilimwambia aje. Yeye alielewa alivyoelewa, akashukuru, akaondoka anaimba.

Siku mbili hizo nilizipima kila upande, na nikuambie ukweli, nilijua jibu tangu tupa ilipogusa ardhi. Ningeweza kumpa magneto, nikamwomba chifu angoje majuma mawili. Labda angengoja. Ningeweza kwenda mwenyewe kwa yule Mhindi, nikavua kofia, nikaomba siku moja tu. Mtu aliyekuwa tayari kusema uongo ili amwokoe mpaka mafuta wake asingekataa siku moja. Hilo la pili sikulifikiria mpaka nilipokuwa na miaka arobaini. Lilinijia nikiwa nakunywa chai, nikaiweka chai chini na sikuimaliza.

Ijumaa alfajiri nilifungua magneto, nikaiingiza kwenye ghala la wimbi la Akoth, nikasukuma mkono mpaka kwapani. Wandera alifika jua likiwa bado chini. Nilimpeleka jikoni, nikamwonyesha kiti cha chuma kitupu. Nikamwambia imeungua. Nikamwambia jana ilitoa moshi, ikanuka, nikakasirika nikaitupa kinamasini. Maneno yalitoka vizuri kabisa, kana kwamba mtu mwingine alikuwa ameyapanga.

Wandera alisogea karibu. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya kile kiti, ambapo oili ilikuwa bado mbichi, akakitazama kidole chake. Akatoa mnyororo kwenye msumari, akaupitisha mkononi pingili kwa pingili. "Mnyororo umelegea," akasema. "Ukipata nyingine, hapa chini weka washa mbili, hizi pete za bolti, si moja. Moja itatetemeka mpaka bolti itoke katikati ya shamba."

"Sawa," nikasema.

"Mbili, kaka."

Akoth alimletea uji kwenye kibuyu. Aliupokea kwa mikono miwili, akauombea, akaunywa wote, akamshukuru shemeji yake. Mke wangu hakumtazama. Kisha akasema, "Haya, nakwenda," akachukua baiskeli yake na kuteremka njia ya kuelekea barabarani. Alipopotea, Akoth aliniambia bila kugeuka, "Umeweka wizi ndani ya chakula chetu." Nilimwambia ni kwa siku mbili tu. Akasema yeye hasagi tena wimbi la ghala hilo, na hakulisaga. Mwaka ule tulikula viazi vikavu na wimbi likaliwa na wadudu. Amekufa sasa, Akoth. Aliniheshimu miaka arobaini na kitu, alinizalia watoto saba, lakini tangu siku ile hakuwahi kunisifu mbele ya watu, na mimi ni mtu ninayependa kusifiwa.

Nilingoja. Nilihesabu kichwani: sasa amefika kwenye kijito, sasa amepita maduka, sasa anapanda kilima, sasa yuko upande wa pili. Kesho ilikuwa chifu na mashine ilikuwa imefunguliwa, ilinilazimu kuijaribu. Nilitoa magneto, nikaipangusa wimbi lililoingia kwenye nafasi zote, nikaifunga. Niliweka washa mbili. Nikavuta kamba na ikawaka mara moja, tuku tuku pa, na nikaipeleka shambani mstari mmoja kwenda na kurudi. Haikutetemeka hata kidogo. Ndipo nikakumbuka upepo, na jinsi sauti ile ilivyofika mbali. Nilisimama nikalowesha kidole nikakiinua, kama mtoto, na sikuweza kujua unavuma kwenda wapi. Miaka hamsini na zaidi nimekuwa nikijiuliza ule upepo ulivuma wapi.

Honi ya saa sita ilimkuta Wandera mbele ya ofisi ya kinu, mikono mitupu. Hayo niliambiwa na mwanamke aliyeuza samaki. Jumamosi mimi nilimaliza ekari kabla ya saa sita, watu wakipiga vigelegele, na bwana shamba alipiga goti akatazama mrija wa shaba uliozungushwa kwenye bomba, akatazama mnyororo, akauliza kwa Kiswahili chake cha maagizo nani alifikiri hivi. Nikasema, "Mimi, bwana." Akaandika jina langu. Chifu, ambaye alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko nilivyopenda, aliuliza yule Msamia aliyekuwa akija hapa yuko wapi. Nikasema alikuwa ananishikia spana tu.

Wandera alifungwa miezi sita kazi ngumu. Hakunitaja. Polisi hawakuja Mwello. Nilipokuwa ninapelekwa kozi, lori la serikali lilipita Tororo na kando ya barabara wafungwa walikuwa wakikata majani kwa fyekeo. Nilimwona kabla hajaniona. Kisha akaniona, na akainua fyekeo juu kunisalimu, akitabasamu, kama mtu anayemwona ndugu yake amepata safari. Mimi niliinama kana kwamba nafunga kamba za viatu. Vilikuwa viatu vya kwanza maishani mwangu na nilikuwa sijajua hata kuzifunga.

Baada ya hapo hakuna kinu kilichomchukua. Alivuka akakaa upande wa Kenya, akatengeneza baiskeli kwenye baraza la duka pale Busia mpaka macho yalipomchoka. Nilimtembelea kila mwaka au miwili, nilipokwenda kununua vipuri. Nilimpelekea sukari, blanketi, mara moja koti. Alipokea, akaniombea kwa jina langu mbele ya wateja wake, mkono wake wenye grisi juu ya bega la shati langu jeupe. Nilipofungua gereji yangu nilimwambia aje awe mkuu wa mafundi. Akasema amezoea baiskeli, baiskeli hazina kelele. Hakuuliza kamwe juu ya magneto. Ile trekta niliiuza chuma chakavu miaka ya mbele, lakini kabla ya kuiuza niliifungua nikatoa kitu kimoja, nikakiweka ndani ya mkebe wa maziwa.

Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa kinanigonga mbavu juu ya boda boda. Nilifika walokole wakiwa wanaimba na kutoa ushuhuda, mmoja mmoja anasimama anataja alichomkosea marehemu: huyu alimsengenya, huyu alichukua pampu yake hakurudisha. Nilidhani Mungu ameniwekea jukwaa. Nilipoitwa nilisimama, mkono ukiwa ndani ya koti, nikasema kwa sauti yangu ya mikutano kwamba watu wote wa Tororo wanajua mimi ndiye niliyefufua trekta ile, na leo nasema si mimi, ni Wandera. Mrija wa shaba ni wake, mnyororo ni wake, mimi ndiye niliyemshikia spana. Watu wakasema Amina. Wengine walilia. Nilipaswa kuendelea. Mkono ulikuwa tayari umeshika kitambaa. Lakini ile Amina ilikuwa tamu, na mimi ni mtu ninayependa kusifiwa, nikakaa.

Nilipokwenda kumuaga mjane wake, Nabwire, alikuwa ameketi juu ya mkeka na wajukuu wawili mapajani. Aliushika mkono wangu hakuuachia. Alisema nimefanya vizuri kutaja trekta, maana mzee aliipenda, mpaka siku zake za mwisho kitandani alikuwa akiwaigia watoto sauti yake. Akawaambia watoto waniigie, nao wakafanya, tuku tuku pa, tuku tuku pa, sawasawa kabisa, watoto waliozaliwa nusu karne baada yake.

"Alituambia siku aliyoisikia mara ya mwisho," Nabwire akasema. "Alikuwa anasukuma baiskeli kwenye kilima, anarudi kinuni, siku ile ile waliyomshika. Akasimama pale kilimani akaisikiliza, ikaenda mstari mzima ikarudi. Alisema alifurahi, shemeji. Alisema haikutetemeka, ndipo akajua umeweka washa mbili." Alinitazama akitabasamu, mwanamke mzee asiyejua washa ni nini. "Mimi nilimwambia, labda ulisikia vibaya kwa umbali ule. Uliweka mbili kweli?"

Kitu kilikuwa mfukoni, juu ya moyo, kizito kama siku nilipokitoa kwenye wimbi.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Niliweka mbili."